Muda wa oda na tarehe ya oda: istilahi za kupanga kazi katika programu za kiwanda

Katika programu za kuendesha kiwanda au karakana, kila oda huambatana na taarifa mbili za wakati. Ya kwanza ni urefu: siku zinazopita tangu oda ipokelewe mpaka bidhaa imfikie aliyeiagiza. Ya pili ni nukta: siku hasa ambayo bidhaa hiyo inatakiwa iwe imefika. Kiingereza kina maneno mawili yasiyofanana kwa taarifa hizi, "lead time" kwa urefu na "deadline" kwa nukta, na ni vigumu kuyachanganya. Katika Kiswahili cha leo neno "muda" limebebeshwa mizigo yote miwili. Husemwa "muda wa kutengeneza ni siku kumi na mbili", na husemwa vilevile "muda wa mwisho wa kupokea zabuni ni Ijumaa". Katika mazungumzo hapotei mtu, kwa kuwa sentensi nzima humwongoza msikilizaji. Katika skrini ya kompyuta hakuna sentensi. Kuna visanduku viwili, kimoja kinataka idadi na kingine kinataka tarehe, na ikiwa juu ya vyote viwili mfasiri ameandika "muda", mtumiaji atabahatisha.

Suala hili lina uzito wa pekee Dodoma. Tangu uhamisho wa Serikali ulipoanza kutekelezwa mwaka 2016, na Dodoma kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, ofisi za Mji wa Serikali wa Mtumba zimehitaji meza, makabati, madirisha ya alumini, mapazia, sare na vipeperushi. Kazi iliyokuwa ikiandikwa katika daftari la fundi sasa inapita katika mifumo ya kielektroniki, na mfumo wa kielektroniki haumtazami fundi usoni wala hausikilizi maelezo yake. Unasoma kilichojazwa. Kwa hiyo jina la kisanduku si pambo la tafsiri. Ni sehemu ya mkataba.

Ngapi na lini

Njia nyepesi ya kutenganisha dhana hizi imo ndani ya lugha yenyewe. Mteja akiingia katika karakana ya seremala, maswali mawili huulizwa. Mteja anauliza: "Inachukua siku ngapi?" Fundi anauliza: "Unaitaka lini?" Swali la "ngapi" hujibiwa kwa idadi, na jibu lake ni muda. Swali la "lini" hujibiwa kwa siku ya kalenda, na jibu lake ni tarehe. Mfasiri anayekutana na kisanduku asichokielewa ajiulize kinajibu swali lipi kati ya hayo mawili. Kikijibu "ngapi", aanze jina lake na "muda wa" au "siku za". Kikijibu "lini", aanze na "tarehe ya" au "siku ya". Akifuata kanuni hii hata pale istilahi nyingine inapomshinda, mtumiaji hatajaza 30/06 mahali panapotakiwa 21.

Kanuni hii pia inaafikiana na asili ya maneno. "Muda" linatokana na neno la Kiarabu "mudda", lenye maana ya kipindi au kitambo, yaani kitu chenye mwanzo na mwisho. "Tarehe" nalo linatokana na "tarikh", lenye kuhusu siku iliyowekwa alama. Usemi "muda wa mwisho" umezoeleka sana Tanzania katika matangazo ya zabuni na ya ajira, na haiwezekani kuuita kosa. Hata hivyo, ukiutazama kwa makini ni usemi wa ajabu kidogo, kwa sababu unataja kipindi ilhali unakusudia ncha ya kipindi. Katika tangazo unavumilika. Katika jina la kisanduku ni afadhali kuandika "tarehe ya mwisho" au, pale saa inapohusika, "tarehe na saa ya mwisho". Vitenzi navyo hufuata mgawanyo huo: muda "huisha" au "hukwisha", tarehe "hufika" au "hupita". Ujumbe wa tahadhari unaosema "muda umefika" humwacha msomaji akijiuliza kama kazi ianze au ikome.

Oda, agizo na kuagiza

Kabla ya kufika kwenye siku, lazima neno "oda" lenyewe liwekwe mahali pake. Baadhi ya wafasiri hulikwepa kwa kuwa ni la mkopo, wakaweka "agizo" kila mahali. Tatizo ni kwamba nchini Tanzania "agizo" limeegemea sana upande wa mamlaka. Agizo hutolewa na Waziri, na Mkuu wa Mkoa, na daktari. Mteja anayetaka viti sita hatoi agizo kwa seremala. Anaweka oda, au "anatoa oda" kama wasemavyo wengine. Kitenzi "kuagiza" ndicho kilichobaki na maana ya kibiashara bila shida: kuagiza mbao, kuagiza vitambaa, kuagiza bidhaa kutoka nje. Kwa hiyo nomino na kitenzi havilingani kwa matumizi, na hilo lisimsumbue mfasiri. Lugha nyingi zina jozi za namna hiyo.

Kiwanda kina oda za pande tatu, na programu huzitenga. Ipo oda inayoingia kutoka kwa mteja. Ipo inayotoka kwenda kwa muuzaji wa malighafi, ambayo maofisa ugavi huiita LPO kwa herufi za Kiingereza na pengine hawataacha kuiita hivyo karibuni. Ipo na ya ndani, ambayo ofisi huipa karakana ili kazi ianze. Majina yanayoeleweka ni "oda ya mteja", "oda ya ununuzi" na "hati ya kazi". Hii ya tatu isiitwe "oda ya kazi" pale inapokaa skrini moja na zile mbili, kwa kuwa mtumiaji mwenye haraka husoma neno la kwanza tu.

Kwa nini mgawanyo huu unahusu tarehe? Kwa sababu "siku ya mwisho ya oda" haisemi ni mwisho wa kufanya nini. Inaweza kuwa siku ya mwisho ya mteja kuweka oda, siku ya mwisho ya ofisi kuagiza malighafi, au siku ya mwisho ya kukabidhi kilichoagizwa. Katika programu ya Odoo, kwa mfano, hati ya kuomba bei kwa muuzaji ina kisanduku cha tarehe ambayo oda inapaswa iwe imethibitishwa, na karibu yake kingine cha tarehe ambayo mzigo unatarajiwa kufika. Baina ya siku hizo mbili panaweza kuwa na wiki nzima au zaidi. Tafsiri salama ni ile inayotaja kitendo: "siku ya mwisho ya kuagiza", "siku ya mzigo kufika", "tarehe ya kukabidhi". Kitenzi-jina kinachukua nafasi kubwa kwenye skrini, lakini nafasi hiyo inastahili.

Majina ya urefu

Kwa dhana ya urefu, tafsiri kadhaa zinazunguka katika miongozo ya programu na katika vyumba vya mafunzo. "Muda wa kuongoza" ni tafsiri ya neno kwa neno, na haimwambii mzungumzaji wa Kiswahili chochote, kwani hakuna anayeongozwa. Mashine ya kutafsiri isiyopewa muktadha inaweza hata kutoa "muda wa risasi", kwa kuwa Kiingereza huandika madini ya risasi na tendo la kuongoza kwa herufi zilezile. "Muda wa maandalizi" unaeleweka, lakini unamfanya mtu afikirie hatua ya kwanza tu, kama vile kukata na kupima, wakati dhana inakusanya mpaka makabidhiano. "Muda wa utekelezaji" ni mzuri kwa miradi ya ujenzi na una harufu ya ripoti. "Muda wa kusubiri" ndio ulio karibu zaidi na uzoefu wa watu, ila una mwenyewe: anayesubiri ni mteja. Fundi hasubiri, anafanya kazi.

Ugumu huu unatoka kwenye dhana yenyewe, ambayo ni jumla ya vipindi vinavyohisiwa na watu tofauti. Muuzaji wa mbao ana kipindi chake, karakana ina chake, dereva ana chake. Programu kama Odoo na ERPNext hazikubali jumla peke yake. Odoo, kwa mfano, hutaka siku za muuzaji wa malighafi, siku za kutengeneza, na siku anazoahidiwa mteja, kila moja mahali pake. Mfasiri anayeng'ang'ania istilahi moja kwa vyote hujitengenezea tatizo ambalo wasemaji hawana. Karakanani husemwa "siku za kuletewa mbao", "siku za kutengeneza", "siku za kupeleka na kufunga". Majina haya yana mtendaji ndani yake, na ndiyo yanayopendekezwa hapa. Inapobidi kutaja jumla yake kwa jina moja, "muda wa oda" unatosha, mradi ufafanuliwe mara ya kwanza kuwa ni siku zote tangu oda kuthibitishwa hadi kukabidhiwa. Zile siku chache ambazo mpangaji mwangalifu huongeza kwa ajili ya dharura zina jina zuri lililokwisha kuwapo: "siku za akiba".

Siku zipi?

Neno "siku" linaonekana halina utata, na kwa sababu hiyo ndilo linaloleta hasara kubwa kuliko yote. Tuchukue mfano wa karakana ya Dodoma iliyopata oda ya meza arobaini za ofisi ya umma, zikabidhiwe zikiwa zimefungwa ofisini ifikapo Jumanne tarehe 30 Juni 2026. Tarehe hiyo haikuchaguliwa ovyo. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni, na afisa ugavi anayepokea mzigo tarehe 2 Julai ameingia katika bajeti nyingine na taratibu nyingine za malipo.

Mbao zinatoka upande wa Mufindi mkoani Iringa, lilipo shamba la miti la Sao Hill, na huchukua siku saba kufika tangu kuagizwa. Kutengeneza kunachukua siku kumi na mbili. Kupeleka na kufunga kunachukua siku mbili. Jumla ni siku ishirini na moja. Mtu akitoa ishirini na moja kwenye tarehe 30 anapata tarehe 9 Juni, na atakuwa na kila sababu ya kuamini kwamba akiagiza mbao siku hiyo atawahi.

Hatawahi. Siku saba za mbao ni siku za kalenda: lori husafiri na mzigo hupangwa hata Jumapili. Siku kumi na mbili za kutengeneza na mbili za kufunga ni siku za kazi, na karakana haifunguliwi Jumapili. Ukirudi nyuma kwa uangalifu, kufunga ni Jumatatu tarehe 29 na Jumanne tarehe 30. Kutengeneza kunakwisha Jumamosi tarehe 27 na, kwa siku kumi na mbili za kazi, kulianza Jumatatu tarehe 15. Mbao ziwe zimefika Jumamosi tarehe 13. Ziwe zimeagizwa Jumamosi tarehe 6. Tofauti ni siku tatu. Aliyeagiza tarehe 9 atapokea mbao Jumanne tarehe 16, ataanza kazi tarehe 17, atamaliza meza ya mwisho jioni ya tarehe 30, na atakuwa anafunga ofisini tarehe 1 na 2 Julai. Hakuna aliyezembea. Hakuna mashine iliyoharibika. Kilichokosekana ni maneno mawili, "za kazi", mbele ya neno "siku".

Kwa hiyo katika programu na katika mkataba pia, "siku" isiachwe uchi. Iandikwe "siku za kazi" au "siku za kalenda". Na kwa kuwa karakana moja hufunga Jumapili tu, nyingine Jumamosi na Jumapili, na nyingine hupunguza saa za Ijumaa, "siku za kazi" zenyewe zinahitaji kalenda iliyowekwa ndani ya programu, pamoja na sikukuu za Serikali. Saba Saba na Nane Nane zimo humo. Mwezi Agosti, wakati maonyesho ya wakulima yanapofanyika katika viwanja vya Nzuguni, fundi wa Dodoma anaweza kukosa wasaidizi kwa zaidi ya ile siku moja ya sikukuu, na hilo kalenda ya mashine hailijui mpaka mtu ailishe.

Tendo hili la kuanza na siku ya kukabidhi na kurudi kinyumenyume hadi siku ya kuagiza lina jina katika miongozo: "kupanga kwa kurudi nyuma". Mbadala wake, kuanza leo na kuhesabu mbele, ni "kupanga kwa kwenda mbele". Maneno haya ni ya kawaida kiasi kwamba wanafunzi huyaona si ya kitaalamu, wakatafuta makubwa zaidi. Hakuna haja.

Muda usiotulia

Kisanduku cha idadi ya siku kinachukua namba moja. Uwanda wa kati haukubali namba moja. Mvua za mikoa ya Dodoma na Singida ni za msimu mmoja, takriban kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, na alizeti huvunwa baada ya hapo. Kiwanda cha kukamua mafuta cha Singida kikipokea oda wakati wa mavuno, malighafi iko mlangoni na muda wa oda ni ule wa kukamua, kuchuja na kufungasha. Oda ileile ikija miezi kadhaa baadaye, mbegu lazima itafutwe katika maghala, na siku za kuletewa malighafi zinaweza kuzidi siku za kazi yote iliyobaki. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo lisilo la kawaida kwa zao hili duniani, na hivyo kiwanda cha mvinyo kina milango miwili ya kuingiza malighafi mbichi. Lakini mvinyo hautolewi kwa sababu zabibu zimefika. Unachachuka, unatulia, unachujwa. Kipindi hicho hakifupishwi kwa kuongeza vibarua.

Hapa lugha inatoa tofauti ambayo programu nyingi hazina. "Kungoja" na "kusubiri" ni vya mtu. "Kuiva" ni kwa kitu. Mbao mbichi haisubiri, inakauka. Mvinyo hausubiri, unaiva. Ngozi hailali bure, inalainika. Mwandishi wa mwongozo anayetenga "siku za kufanya kazi" na "siku za kuiva" anampa mpangaji taarifa yenye faida: za kwanza zinaweza kupunguzwa kwa kuongeza watu au zamu, za pili haziguswi.

Ukomo, makataa, miadi, muhula

Upande wa nukta una utajiri wa maneno, na kila moja lina tabia yake.

"Ukomo" ni neno la kisheria. Lina ubaridi unaofaa: baada ya ukomo haki ya kufanya jambo imekoma, bila kujali nia ya mtu. Linafaa kwa kufungwa kwa zabuni, ambapo mfumo wa ununuzi wa umma NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023, haupokei kitu baada ya saa iliyotangazwa. Halifai kwa ahadi ya seremala kwa mteja, maana meza inayofika siku moja baada ya "ukomo" bado ni meza.

"Makataa" linasikika zaidi katika vyombo vya habari vya Kenya: chama hutoa makataa ya siku saba kwa waajiri, wizara hutoa makataa kwa wamiliki wa magari. Lina ukali. Upande mmoja unaweka mpaka na upande wa pili unatishwa kwa matokeo. Nchini Tanzania halijaenea kwa kiwango hicho, na msomaji wa Dodoma anaweza kulihusisha na "mkataa", yaani uamuzi usiorudishwa nyuma. Katika skrini ya programu inayotumiwa na mteja na mtengenezaji walioelewana, "makataa" lingeleta ugomvi usiokuwapo.

"Miadi" ni kinyume cha hilo. Ni wakati uliokubaliwa na pande mbili, kutoka Kiarabu "mi'ad". Leo limebanwa kwenye kukutana na watu, hasa daktari, ingawa maana yake pana ingelifaa sana kwa siku ambayo fundi na mteja wamekubaliana. Kwa kuwa wasomaji wengi hawatalipokea hivyo, "tarehe ya ahadi" inabaki kuwa chaguo bora, na ina faida ya kuamsha kwa msomaji methali inayoifananisha ahadi na deni.

"Muhula" lilikuwa na maana ya nafasi anayopewa mdaiwa au aliyechelewa kabla ya kuchukuliwa hatua. Shule zimeliteka, likawa kipindi cha masomo. Mikataba inayotaja siku chache za ziada kabla ya fidia ya ucheleweshaji kuanza kuhesabiwa ingeweza kulirudisha kazini, na baadhi ya waandishi wa sheria hulitumia kwa maana hiyo. Kuna na jamaa mwingine wa kundi hili ambaye hakuna atakayemrudisha: "ajali". Katika Kiarabu "ajal" ni muda uliowekwa, siku isiyosogezwa. Kiswahili kiliichukua kwa maana ya siku ya mtu ya kufa, kisha ikawa balaa la ghafla, na leo ni magari kugongana. Neno lililoanza kama tarehe ya mwisho limeishia barabarani.

Tarehe tatu za oda moja

Kusema "oda imechelewa" ni kulinganisha, na mlinganisho unahitaji kitu cha pili. Programu hutunza angalau tarehe tatu kwa oda moja: aliyoitaka mteja, aliyoahidiwa, na inayotokana na hesabu ya mashine kwa hali ya leo. Meza za mfano wa juu zinaweza kuwa zimechelewa kwa tarehe ya kwanza, hazijachelewa kwa ya pili, na zinaelekea kuchelewa kwa ya tatu. Majina yaliyo wazi ni "tarehe aliyoomba mteja", "tarehe ya ahadi" na "tarehe inayotarajiwa". Wafasiri wengine huandika "tarehe iliyopangwa" kwa zote mbili za mwisho. Matokeo yake ni kwamba msimamizi anaiona tarehe ikisogea kila asubuhi na kudhani mtu anabadilisha ahadi, kumbe ni hesabu inayojirekebisha. Ahadi haisogei bila mteja kuambiwa, na lugha ilinde tofauti hiyo.

Kesho ya fundi, kwa njia, haimo katika orodha hii. "Njoo kesho" ni kauli ya kuahirisha, si tarehe, na wateja wote wanalijua hilo. Kiswahili kina hata majina ya siku za mbele zaidi: baada ya "kesho kutwa" huja "mtondo", kisha "mtondogoo". Ni maneno mazuri, ya kamusi na ya wazee, lakini msomaji wa bara huenda hayajui. Yasiingizwe katika hati inayolipiwa.

Hadi, kabla ya, ndani ya, ifikapo

Viunganishi na vihusishi vya wakati vina hatari ndogondogo. "Kabla ya tarehe 30 Juni" haiijumuishi tarehe 30. Anayekabidhi siku hiyo ameshachelewa. "Ifikapo tarehe 30 Juni", na "kufikia tarehe 30 Juni" kama wasemavyo zaidi Wakenya, huijumuisha. "Hadi" na "mpaka" huyumba: ofisi "iliyofungwa hadi Jumatatu" wengine huikuta wazi Jumatatu, wengine wanairudia Jumanne. Penye fedha, iandikwe "hadi mwisho wa siku ya tarehe 30 Juni". "Ndani ya siku saba" huweka mpaka wa mbele, "baada ya siku saba" huweka mpaka wa nyuma bila kusema lini hasa, na "kwa siku saba" hutaja tu urefu wa kazi. Bado linabaki swali la siku ya kwanza. Wapo wanaoihesabu siku ya makubaliano kuwa moja, na wapo wanaoanza na kesho yake. Mikataba mizuri husema: "kuanzia siku inayofuata siku ya kusaini".

Saa

Tangazo la zabuni likisema bahasha au nyaraka zitapokelewa hadi "saa 4:00 asubuhi", kila Mtanzania anajua kuwa jua limekwisha kupanda. Programu ikiandikiwa 4:00 itaelewa alfajiri, na itafunga mlango saa sita kabla ya wakati uliokusudiwa. Kwa mashine ni 10:00. Kadhalika saa 10:00 jioni ni 16:00. Njia isiyo na makosa katika miongozo ni kuandika zote mbili mara ya kwanza, saa ya Kiswahili pamoja na neno la sehemu ya siku, kisha ile ya tarakimu ishirini na nne, na kutoacha kamwe neno la asubuhi, mchana, jioni au usiku.

Usiku una utata wake. Kwa hesabu ya zamani ya Waswahili siku huanza jua linapozama, hivyo "usiku wa Ijumaa" ni ule unaotangulia Ijumaa. Bara, wengi huuelewa kuwa ni ule unaofuata mchana wa Ijumaa. Mashine nayo hubadili siku saa sita usiku. "Usiku wa kuamkia Ijumaa" huondoa shaka kwa wote. Na pale programu inapotunza wakati kwa saa ya kimataifa, ambayo Afrika Mashariki iko saa tatu mbele yake, mwisho uliowekwa 23:59 huko huangukia hapa saa 8:59 usiku wa siku inayofuata, na tarehe inayosomeka kwenye ripoti ya Dodoma inakuwa si ile iliyomo katika kumbukumbu za mfumo. Ndiyo maana katika maelezo ya kisanduku cha aina hii huongezwa maneno "kwa saa za Afrika Mashariki".